Sato wa kufuga na hofu ya homoni: Nani hasa ajihadhari?

Siku hizi kununua sato Kariakoo kunaanza na usaili. Mteja haulizi bei kwanza. Anamtoa samaki kwenye deli, anamfunua mashavu aone kama mekundu, kisha anauliza: "Huyu wa ziwani au wa bwawani?" Muuzaji mzoefu jibu analo mdomoni: "Wa Mwanza huyu mama, kaingia alfajiri." Awe kweli amesafiri kutoka Mwaloni kwenye barafu, au ametoka kwenye tangi la saruji Kigamboni, jibu ni lile lile, kwa sababu muuzaji anajua mteja wake anaogopa nini.

Kinachoogopwa ni neno moja: homoni. Limezunguka saluni, kwenye vikao vya harusi na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Inasemwa kwamba samaki wa kufuga wanalishwa dawa ya kubadili jinsia. Kwamba mtoto wa kiume akiwala ataota matiti, binti atavunja ungo akiwa darasa la pili, na baba mwenye nyumba mambo yatamwendea kombo. Wapo akina mama wa Ilala na Magomeni ambao sato haingii tena jikoni mwao, na watoto wamerudi kwenye dagaa na mayai (ingawa mayai nayo yana maneno yake).

Hakuna sababu ya kuwacheka akina mama hao. Sehemu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli tupu: vifaranga wengi wa sato wanaofugwa duniani hulishwa homoni ya kiume ili wote wawe madume. Sehemu ya pili, ile ya matiti na ungo, inahitaji kuchambuliwa kwa utulivu. Na kuna sehemu ya tatu ambayo haisemwi kabisa WhatsApp, nayo kwa maoni yangu ndiyo yenye hatari ya kweli kwa familia za mjini.

Kwa nini mfugaji anataka madume

Sato jike ni mama hasa. Anataga mayai, dume anayarutubisha, kisha jike anayazoa yote kinywani. Humo anayaatamia, yanaanguliwa, na watoto wanaendelea kukimbilia mdomoni mwake kila wakiona hatari. Kazi hiyo huchukua kama wiki moja hadi mbili, na muda huo mama hali, au anakula kidogo mno. Akishawaachia watoto anapumzika wiki chache, anaanza tena.

Kwa mfugaji, mama huyo ni hasara. Chakula anachonunuliwa kinaishia kwenye mayai badala ya minofu. Lakini tatizo kubwa zaidi ni idadi. Sato wa bwawani huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, bado mdogo wa kiganja, na kila uzao ni mamia ya watoto. Mtu aliyepanda vifaranga 1,000 wa mchanganyiko anakuja kuvua baada ya miezi sita na kukuta maelfu, wote wamedumaa, hakuna hata mmoja wa kujaza sahani. Wengi waliochimba bwawa kwa shangwe wakalifukia kwa hasira, hadithi yao ndiyo hiyo. Dume, kwa upande wake, anakua haraka kuliko jike hata bila ya kuzaana kuingilia.

Njia ya kwanza ya kupata madume watupu ni ya macho na mikono. Kifaranga akifikia uzito wa gramu 20 au 30 unamgeuza tumbo juu na kumtazama chini, karibu na pezi la nyuma. Dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Ni kazi ya kuumiza macho na mgongo, nusu ya samaki uliowalisha wanaondolewa, na majike machache yakikupita tu, bwawa linajaa watoto.

Njia ya pili ndiyo ya homoni. Kitotoleshi, yaani mahali pa kuzalisha vifaranga, huwakusanya watoto wachanga kabisa au mayai kutoka kinywani mwa mama. Samaki wa umri huo hajawa dume wala jike kwa maumbile ya ndani. Vinasaba vyake vimeshapanga, lakini viungo vya uzazi bado havijachukua upande. Katika dirisha hilo dogo analishwa chakula cha unga kilichochanganywa na methiltestosteroni, ambayo ni homoni ya kiume iliyotengenezwa kiwandani. Kipimo kilichozoeleka duniani ni miligramu 60 kwa kilo moja ya chakula, kwa siku 21 hadi 28. Baada ya hapo wale waliokuwa waelekee ujike wanakuwa madume, na kazi ikifanywa vizuri zaidi ya 95 kati ya kila 100 ni madume. Kisha homoni inakoma, na samaki anaendelea na chakula cha kawaida mpaka siku ya kuvuliwa.

Watu wa Pwani hawapaswi kushtuka sana kusikia samaki amebadili jinsia. Chewa na changu wanaouzwa Feri huanza maisha wakiwa majike, na baadaye wengine hugeuka madume bila kulishwa dawa na mtu. Yule chewa mkubwa anayegombewa kwenye mnada, anayehitaji watu wawili kumbeba, huenda aliwahi kuwa mama. Hata sato mwenyewe, vifaranga wakilelewa kwenye maji ya moto yanayopita nyuzi 35 hivi, madume huongezeka. Jinsia ya samaki haikufungwa kwa kufuli kama ya binadamu.

Je, inafika sahanini?

Tupige hesabu, maana hofu nyingi huisha pale penye hesabu. Kifaranga anayelishwa homoni ni mdogo kama punje ya mchele anapoanza, na akimaliza hajafika hata nusu gramu. Katika siku zote 28 hamalizi gramu moja ya chakula. Lakini tuseme amekula gramu nzima. Kwa kipimo cha miligramu 60 kwa kilo, atakuwa ameingiza maikrogramu 60 za homoni, yaani sehemu 60 ukiigawa gramu moja kuwa sehemu milioni moja. Dawa hiyo hiyo hutengenezwa kama kidonge cha binadamu, cha miligramu 10, kwa wanaume ambao miili yao haizalishi homoni ya kutosha. Kidonge kimoja tu kina homoni kuliko waliyokula vifaranga 160.

Na hicho alichokula hakikai. Watafiti waliwahi kuwalisha vifaranga homoni iliyowekewa alama ya mionzi ili waifuatilie mwilini, na wiki tatu baada ya kuacha kuilisha, iliyobaki haikufika asilimia moja. Samaki wa sahani, wa gramu 250 au 300, anavuliwa miezi mitano, sita au zaidi baada ya punje ya mwisho ya chakula chenye dawa, naye amekua mara zaidi ya elfu moja. Kwa hesabu hiyo hakuna njia ambayo sato huyo anaweza kumwotesha matiti mtoto aliyekula kipande chake na ugali.

Hivi ndivyo hata wenye sheria kali walivyoamua. Umoja wa Ulaya, ambao unapiga marufuku kabisa kunenepesha ng'ombe kwa homoni, katika agizo lake la mwaka 1996 uliacha mwanya kwa samaki wachanga wasiozidi miezi mitatu, kwa ajili hiyo tu ya kubadili jinsia, chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo. Marekani inaitumia chini ya kibali maalumu cha uchunguzi, kwa kumbukumbu na masharti. Hawakusema ni maji ya kunywa. Wamesema itumike kwa kifaranga tu, kwa siku zinazojulikana, na mtu awajibike.

Kuhusu mabinti kuvunja ungo mapema, daktari wa watoto atakuuliza kwanza juu ya uzito wa mtoto. Unene wa utotoni umehusishwa na ungo wa mapema katika tafiti nyingi, na unene wa watoto wetu wa mjini hautoki kwa sato. Unatoka kwenye soda, chipsi za jioni na kukaa mbele ya skrini. Ni rahisi zaidi kumlaumu samaki, najua.

Tusisahau pia kwamba maneno ya homoni yana biashara ndani yake. Kenya ilipotangaza mwishoni mwa 2018 kuzuia samaki wa China, kilio kikubwa kilikuwa soko la wavuvi na wafugaji wa nyumbani kuporomoka, lakini mitaani yalisambaa zaidi maneno ya dawa na sumu. Hapa kwetu pia "wa ziwa" ana bei yake na "wa kufuga" ana yake, na kadiri hofu inavyokua ndivyo uongo wa "wa Mwanza huyu" unavyolipa.

Hatari iko kwenye beseni la kuchanganyia

Sasa ile sehemu isiyosemwa. Dar es Salaam ya leo imejaa wafugaji wadogo wa samaki. Mtu ana uwanja wa hatua kumi nyuma ya nyumba, anajenga tangi la matofali au anatandika turubai, anaweka vifaranga. Ni mradi mzuri, na mara nyingi ni mradi wa mama. Mfugaji wa namna hii hana haja ya kuigusa homoni, ananunua vifaranga ambao wameshamaliza siku zao. Lakini baada ya msimu mmoja au miwili anaona bei ya vifaranga wa dume tupu, anajiambia: kwa nini nisiwazalishe mwenyewe? Video zipo kwenye simu, unga wa homoni unaagizwa mtandaoni. Hapo ndipo shida inapohamia nyumbani.

Kifaranga anakutana na homoni hiyo ikiwa imeshatapanyika kwenye kilo nzima ya chakula. Anayechanganya anakutana nayo ikiwa unga mtupu. Ile miligramu 60 ni vumbi kidogo ambalo mzani wa dukani hauwezi hata kulisoma, linahitaji mzani wa sonara au wa maabara. Unga huo huyeyushwa kwenye spiriti, hunyunyiziwa kwenye chakula kilichosagwa, kisha hukaushwa. Mtu asiye na glavu wala barakoa anaivuta kwa pua na kuipitisha kwa ngozi, siku baada ya siku, mwaka mzima. Spiriti nayo, ikitumika karibu na jiko la mkaa, haisubiri kuombwa.

Kwa mwanamke, homoni hiyo ikiingia mwilini kwa kiasi cha kutosha huvuruga hedhi, huotesha nywele za kidevuni na kukoroga sauti. Kwa mjamzito ndipo pabaya zaidi, kwa sababu mimba ya mtoto wa kike inaweza kuathirika, viungo vyake vya uzazi vikaumbika kwa kuelekea uume. Ndiyo maana kidonge chake hapewi kabisa mwanamke mwenye mimba. Kwa mwanamume, matumizi makubwa ya muda mrefu, kama yale ya baadhi ya wanyanyua vyuma, huumiza ini na hushusha mbegu. Yaani zile hofu zote za WhatsApp zina ukweli ndani yake, ila zimeelekezwa kwa mtu asiyehusika. Anayekula samaki yuko salama, na anayestahili kuogopa ni dada anayekoroga unga kwenye beseni lile lile litakalokandiwa chapati jioni.

Nitasema wazi bila kuzunguka: homoni hii haina nafasi katika nyumba ya kuishi. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasiisogelee kabisa. Anayetaka kuzalisha vifaranga wa dume kwa njia hii awe na banda la peke yake, vyombo visivyorudi jikoni, glavu, barakoa, mzani wa kweli na mtaalamu wa kumsimamia. Na kabla ya yote aulize Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kuhusu dawa anayotaka kuitumia, kwa sababu dawa za mifugo ziko chini yao kama zilivyo za binadamu. Mfuko wa unga usio na lebo uliofika kwa bodaboda haumwambii mtu yeyote una nini ndani.

Maji ya matangi hayo nayo ni jambo. Maji ya tangi la kukuzia samaki wakubwa ni mbolea nzuri, yamwagie mchicha na matembele bila wasiwasi. Maji ya tangi la siku zile 28 ni mengine. Chakula kisicholiwa huzama, na homoni imewahi kupimwa kwenye tope la chini ikiwa ingalipo wiki kadhaa baadaye, ambako inaweza kugusa samaki na viumbe wengine wasiohusika. Kuyaachia mtaroni yashuke mpaka Msimbazi si sawa, hata kama mto huo umeshabeba mengi mabaya kuliko hayo.

Dawa iliyotoka Wami

Kinachonifurahisha katika habari hii yote ni kwamba njia ya kupata madume bila homoni ilifunguliwa na samaki wa kwetu. Mwaka 1960 Mwingereza C. F. Hickling, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa ufugaji samaki Malacca, Malaya, alichapisha jambo lililomshangaza. Alikuwa amechukua dume la perege kutoka Zanzibar na kulipandisha kwa jike la perege wa Msumbiji, yule aliyekwisha kuenea Java. Watoto waliozaliwa walikuwa karibu wote madume. Hakuna dawa iliyotumika, ni namna tu vinasaba vya jamii hizo mbili vinavyokutana. Perege huyo wa Zanzibar asili yake ni bara, Mto Wami, ule unaoukatiza ukitoka Chalinze kwenda Segera.

Tangu hapo perege wa Wami amepandishwa na sato wa Nile sehemu nyingi duniani kwa lengo hilo hilo. Hapa nyumbani, mwaka 2016 watafiti wa Kitanzania walichapisha ulinganisho wa makundi matatu kwenye matangi ya saruji: sato wa mchanganyiko, sato waliogeuzwa kwa homoni, na chotara wa sato na perege wa Wami. Kwa hiyo swali la kuepuka homoni si la wageni, linafanyiwa kazi hapa hapa.

Chotara ana masharti yake. Wazazi lazima wawe safi wa jamii zao. Ukichanganya kizazi kimoja tu kwa uzembe, wanaofuata wanatoka madume kwa majike. Na chotara au sato wakitoroka kuingia mtoni wanazaana na perege wa asili na kuwamaliza polepole. Ziwa Victoria limeshatufundisha: sato si mwenyeji wa ziwa hilo, aliletwa katikati ya karne iliyopita, na ngege, perege wa asili ambaye wazee wa Mwanza bado wanamsifia, leo karibu hayupo.

Njia nyingine ndefu zaidi ilikamilishwa miaka ya 1990 na watafiti wa Swansea, Wales, pamoja na wenzao wa Ufilipino. Walizalisha "madume makuu", samaki wenye vinasaba vya kiume pande zote mbili, ambao wakipandishwa kwa jike wa kawaida watoto wao huwa madume karibu wote. Homoni inatumika kwa mababu tu, yule anayeuzwa na kuliwa hajawahi kuionja.

Ukienda kununua

Kama unanunua samaki wa kupika, swali la "wa ziwani au wa bwawani" halikusaidii sana. Sato wa ziwa na wa bwawani ni samaki mmoja, wote wana mistari ya kusimama kwenye mkia, na siku hizi kuna wa tatu, wa vizimba ndani ya ziwa lenyewe, ambaye muuzaji atakuapia ni wa ziwa na hatakuwa amesema uongo. Mtazame macho yamejaa au yamezama, mashavu mekundu au ya kijivu, ubonyeze mwili uone kama unarudi. Samaki aliyelala kwenye barafu iliyoyeyuka tangu jana atakupeleka zahanati haraka kuliko homoni yoyote, na mafuta ya kukaangia yaliyokuwa meusi tangu juzi ni habari ya ukurasa mwingine.

Kama unanunua vifaranga, hapo maswali yana kazi. Uliza wamefikisha siku ngapi na uzito gani. Kama muuzaji anakupa vifaranga wadogo kama punje pamoja na kifuko cha "chakula cha dawa ukamalizie nyumbani", mrudishie vyote viwili. Uliza dume kwa njia gani: homoni, chotara au kwa kuchagua kwa mkono. Asiyejua hakuuzii dume tupu, anakuuzia bahati nasibu. Kituo cha serikali cha Kingolwira, Morogoro, na chuo cha uvuvi FETA pale Mbegani, Bagamoyo, ni mahali ambapo mtu wa Dar anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo akiwa na majibu. Afisa uvuvi wa halmashauri yako naye yupo kwa kazi hiyo.

Vifaranga wakishafika, hesabu wiki kumi, kisha chota samaki 20, wageuze tumbo juu mmoja mmoja na uhesabu matundu. Majike yakizidi mmoja au wawili, mpigie simu aliyekuuzia mapema, kabla bwawa halijajaa wajukuu.